Jeeves alistaafu zamani, ila hatujawahi kumuaga vizuri

Tarehe 27 Februari 2006 Jeeves, yule mzee wa kuchorwa wa suti nyeusi, aliondolewa kwenye ukurasa wa mbele wa Ask Jeeves, tovuti ya Marekani ya kusachi vitu mtandaoni, jina likakatwa likabaki Ask.com, maisha yakaendelea. Kampuni ilisema mzee amestaafu. Tangu hapo kila baada ya muda watu wanamkumbuka, wanabandika picha yake, wanaandika pumzika mzee wetu tulikupenda, afu basi, imeisha hiyo. Mi naona kumuaga hivyo hakutoshi kabisa, maana tunachoaga ni mchoro, na mchoro haujawahi kujibu swali la mtu yeyote. Waliojibu ni watu, watu wenye akili zao na mishahara yao, walikaa ofisini huko California wakaandika maswali kwa mkono na kuchagua ukurasa gani unafaa kwa swali gani, na hao hakuna aliyewahi kuwaandikia hata mstari mmoja wa kwaheri. Hao ndo nataka tuwaongelee leo.

Najua wengi wetu huku Afrika Mashariki hatukumkuta Jeeves. Kebo ya SEACOM, ile ya intaneti inayopita chini ya bahari, ilifika Mombasa na Dar es Salaam Julai 2009, na yeye Marekani alishaondoka miaka mitatu nyuma. Kabla ya kebo ilikuwa ni intaneti ya setilaiti, ya bei, ya kuvuta pole pole, unakaa kafe unalipia muda na macho yako yako kwenye saa, unafungua Yahoo usome imeili zako unatoka, nani alikuwa na nafasi ya kwenda kupiga stori na mtumishi wa kuchorwa wa Kizungu. Kwa hiyo ngoja nieleze kidogo alikuwa nani, bila hivyo hoja yangu haitaeleweka.

Ask Jeeves ilianzishwa 1996 Berkeley, California, na jamaa wawili, Garrett Gruener na David Warthen, ikafunguliwa kwa watu wote 1997. Jina walilichukua kwenye hadithi za Mwingereza P.G. Wodehouse, humo Jeeves ni mtumishi wa kijana mmoja tajiri, na mtumishi ndo mwenye akili nyumba nzima, bwana anajiingiza kwenye mkosi, mtumishi anamtoa, kimya kimya, bila kumwaibisha. Sasa fikiria mwaka huo kusachi kitu mtandaoni kulikuwaje. Lycos ilitoka chuo cha Carnegie Mellon 1994, AltaVista ikaja Desemba 1995, mashine nzuri tu kwa wakati wake lakini ilibidi uongee lugha yake, uweke maneno makavu, alama ya kujumlisha huku, ya kutoa kule, alama za kunukuu, usipojua hizo mbinu unaletewa maelfu ya kurasa ambazo hazihusiani na shida yako. Gruener na Warthen wakasema hapana, mwacheni mtu aulize kama anavyomuuliza mtu mwenzake, sentensi nzima, na alama ya kuuliza mwishoni. Hilo wazo mi nalipenda mpaka leo, kwa sababu linaanza na heshima kwa anayeuliza, halimwambii kajifunze kwanza ndo uje.

Hapa kwenye namna ilivyofanya kazi naomba tukae kidogo, maana ndo penye utamu wote na ndo watu wanapapita haraka. Wengi walidhani kompyuta inaelewa swali. Haikuelewa. Ulikuwa unaandika, tuseme, kwa nini bahari ina chumvi, programu inaivunja ile sentensi, inaokota maneno yenye uzito, inakwenda kuyalinganisha na ghala la maswali ambayo tayari yameshaandikwa na wahariri, binadamu kabisa, afu inakurudishia orodha: je, unataka kujua kwa nini maji ya bahari yana chumvi, je, unataka kujua kuhusu bahari fulani, je, unataka kununua chumvi. Mengine yalikuwa na nafasi ya kuchagua neno ndani ya sentensi, kwa mfano jina la nchi au la mji, unashusha unachagua lako. Ukibonyeza unapelekwa kwenye ukurasa ambao mhariri alishauona akaridhika kwamba hapa swali hili linajibiwa. Chini yake ndo yanakuja matokeo yaliyookotwa kwenye injini nyingine za kutafuta, kama akiba, endapo wahariri wa Jeeves hawakuwa na kitu.

Angalia vizuri hicho kitendo. Unauliza, unaulizwa. Mtumishi hajifanyi amekusikia kama hajakusikia, anakuuliza umemaanisha hili au hili, na akishajua hakai yeye kukuhutubia, anakupeleka kwa mwenye ukurasa, mtu aliyeandika kwa jina lake, ambaye unaweza kumsoma ukakataa. Kati yako na yule mwandishi kuna mtu wa tatu, mhariri, aliyesema hapa pazuri mpeleke. Ni kazi ile ile ya mkutubi mzuri, yule ukimfuata na swali lako la nusu nusu anakaa na wewe mpaka swali lenyewe linyooke, ndo anakwenda rafuni. Walikuwa hata na Ask Jeeves ya watoto, na kwa watoto ndo ule utaratibu unaeleweka zaidi, kwa sababu mtoto hawezi kujua maneno makavu ya kusachia, ila kuuliza anajua, na mzazi anataka kujua kuna mtu mzima alipita kwenye huo ukurasa kabla ya mwanae.

Sasa udhaifu wake nao tuuseme, tusimpambe. Mhariri ni mtu mmoja ana mikono miwili, na mtandao ulikuwa unaongezeka kila siku kwa kasi ambayo hakuna ofisi ya wahariri ingeweza kuifuata. Swali likiwa ndani ya ghala Jeeves alikuwa mtamu kweli kweli, likiwa nje unaletewa orodha ya maswali ambayo hujayauliza wala hujayawaza, unaondoka umenuna. Kurasa nazo zinahama, zinafutwa, mhariri alichagua kitu kizuri jana leo hakipo. Na ghala lilianza kwa Kiingereza, kwa mambo ya Marekani, likaandikwa na watu waliokuwa wanajua Wamarekani wanauliza nini, sisi wa upande huu maswali yetu hayakuwa kwenye hesabu za mtu. Afu Septemba 1998 Google ikasajiliwa kuwa kampuni, na wao hawakuhitaji mhariri, walitumia viungo vya kurasa zenyewe, nani anamtaja nani, kama kura. Hiyo inaongezeka yenyewe kadiri mtandao unavyoongezeka. Kwa upande wa hesabu za biashara hapo mchezo ulishaisha, ingawa wakati huo hakuna aliyeona, maana pesa zilikuwa zinapiga kelele.

Na zilipiga kweli. Julai 1999 Ask Jeeves iliingia sokoni hisa moja dola 14, siku hiyo hiyo ikafunga karibu dola 65. Kabla mwaka haujaisha ilishapita dola 190. Jeeves akabandikwa kwenye stika za matufaa madukani, na mwaka 2000 puto kubwa la sura yake likapita juu ya barabara za New York kwenye gwaride la maduka ya Macy's la sikukuu ya shukrani. Mwaka huo huo walinunua Direct Hit, kampuni iliyokuwa inapanga matokeo kwa kuangalia watu wanabonyeza nini, kwa hisa zenye thamani ya kama dola milioni 500. Afu soko likaanguka, na kufikia 2002 hisa ya Ask Jeeves ilishawahi kuuzwa chini ya dola moja. Huo upande wa stori wameuandika sana watu wa fedha, mi sina la kuongeza.

Ninaloongeza ni hili. Watu wanasema Jeeves alikufa 2006. Mi nasema kazi yake ilianza kuondolewa Septemba 2001, pale kampuni ilipoinunua Teoma, injini ya kutafuta iliyotoka kwa Apostolos Gerasoulis na wenzake pale chuo kikuu cha Rutgers, New Jersey. Teoma ilikuwa kitu kikali, wala simdharau mtu pale, ilikuwa inaangalia kurasa zinazoheshimika ndani ya mada moja badala ya mtandao mzima, kuna wataalamu waliokuwa wanaiona kama mpinzani wa kweli wa Google. Lakini tangu hapo moyo wa Ask Jeeves ulikuwa ni mashine ya kuorodhesha kurasa kama mashine nyingine zote, uzito wa wahariri ukapungua na kupungua, na mzee wa suti akaachwa mlangoni anakaribisha wageni kwenye nyumba ambayo ndani imeshabadilishwa. Miaka mitano karibu amesimama pale akiahidi kitu ambacho kampuni ilishaamua kuachana nacho.

Kwa hiyo 2005 kampuni ya IAC ya Barry Diller ilipoinunua Ask Jeeves kwa dola bilioni 1.85, na Septemba ya mwaka huo Diller akasema mzee ataondoka, kibiashara ilikuwa na mantiki. Hoja yao ilikuwa kwamba jina na sura vinawafanya watu wadhani hapa ni pa maswali tu, wakati kampuni inataka ionekane injini kamili ya kutafuta kila kitu. Ni kweli, watu walidhani hapa ni pa maswali. Walidhani hivyo kwa sababu ndo kitu pekee kilichokuwa kinaitofautisha hii kampuni na zote duniani. Waliona tofauti yao ni mzigo, wakaitua.

Na baada ya kuitua walipata nini? Kilichofuata ndo kinaniuma kuliko kustaafu kwenyewe. Kwa miaka mingi jina la Ask lilijulikana zaidi kwa upauzana wake, ule mstari unaojibandika juu kwenye brauza, uliokuwa unakuja umeunganishwa na programu nyingine, maarufu zaidi ni Java, mtu anasasisha Java hajaondoa tiki kwenye kisanduku basi anaukuta umeshaingia. Juni 2015 Microsoft waliyaweka matoleo ya zamani ya upauzana huo kwenye kundi la programu zisizotakiwa, yaani programu yao ya ulinzi inayaondoa. Pima mwenyewe huo umbali, kutoka kampuni inayokuuliza je umemaanisha hili, mpaka kitu kinachoingia kwenye kompyuta yako kwa kutegemea kwamba hukusoma.

Kuna hoja inarudiwa sana na kila anayemkumbuka huyu mzee, kwamba Jeeves aliwahi mno, alikuwa mbele ya wakati, angezaliwa leo angekuwa mfalme. Ushahidi wao ni kwamba watu wamerudi kuuliza sentensi nzima: Apple walileta msaidizi wa sauti Siri 2011, Amazon wakaleta Alexa 2014, ChatGPT ikaja Novemba 2022, na saa hizi mtu wa kawaida kabisa anaandika swali lake refu kama anaongea na jirani. Nakubali nusu. Tabia ya kuuliza imerudi, hilo halina ubishi, na inaonyesha Gruener na Warthen waliwasoma binadamu vizuri kuliko waliowacheka. Lakini kilichorudi si alichokuwa anafanya Jeeves. Yeye alikuwa anakutafutia swali lako afu anakupeleka kwa watu. Hizi za sasa zinakujibu zenyewe, kwa sauti moja, zinajiamini, mara nyingi bila kukuuliza ulimaanisha nini, na yule aliyeandika kile kitu kwanza mara nyingi humwoni, humjui, hujui hata kama yupo. Ukiniuliza mi nani amewahi mno, nitakwambia ni sisi, tumewahi kumwondoa mtu wa katikati kabla hatujajua nani ataifanya kazi yake.

Afu tuzungumzie hiyo sura ya mtumishi, kwa nini mtumishi? Wangeweza kuweka mwalimu, mkutubi, mzee wa mtaa, hata ndege. Lycos walikuwa na mbwa kwenye matangazo yao. Walichagua mtumishi kwa sababu mtumishi wa hadithi anafanya kazi bila kuonekana anafanya kazi. Hachoki, haulizi mshahara, hana kwao, hana watoto wa kupeleka shule, anatokea na sinia tu jibu liko juu yake. Sisi tuliokulia nchi ambazo watu wazima wenye wajukuu walikuwa wanaitwa boi kwenye nyumba za wakoloni tunajua hiyo sura inaficha nini, inaficha kwamba nyuma ya sinia kuna mtu aliyeamka saa kumi usiku. Na teknolojia haijawahi kuiacha hiyo tabia, imebadilisha nguo tu. UNESCO mwaka 2019 walitoa ripoti nzima wakisema hawa wasaidizi wa sauti wamepewa sauti za kike kwa kawaida, wanatii, hata wakitukanwa wanajibu kwa upole, na hiyo inawafundisha watu kitu kibaya kuhusu wanawake. Mzee wa suti aliondoka, nafasi yake akawekwa dada asiyekasirika.

Na nyuma ya sinia safari hii tupo sisi. Januari 2023 jarida la TIME lilichapisha uchunguzi kuhusu wafanyakazi wa Nairobi waliokuwa wameajiriwa na kampuni ya Sama kufanya kazi ya OpenAI, wale wenye ChatGPT, kazi yenyewe ni kusoma maandishi ya kutisha, ukatili, unyanyasaji wa watoto, na kuyawekea alama ili mashine ijifunze kuyatambua na kuyakwepa, malipo yao mkononi yalikuwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa, na baadhi walieleza jinsi ile kazi ilivyowaharibu kichwa. Yaani ule upole unaouona kwenye majibu, ile adabu, sehemu yake imetengenezwa na vijana wa Kenya waliosoma uchafu siku nzima ili wewe usiusome. Tarehe 1 Mei 2023 wafanyakazi zaidi ya 150 wa kazi za namna hii, waliohangaikia Facebook, TikTok na ChatGPT, walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao. Mi naona hao ni ndugu wa kazi wa wale wahariri wa California wa 1997. Kazi si ile ile, wale walichagua kurasa nzuri wakiwa ofisini na hisa za kampuni zinapanda, hawa walimeza yaliyo mabaya kwa dola mbili, tofauti ni kubwa na ni ya aibu. Ila nafasi waliyokaa ni moja, katikati ya anayeuliza na anayejibiwa, mahali ambapo kampuni isingependa ujue kuna mtu.

Ndo maana wanaosema Jeeves arudishwe siungani nao. Alisharudishwa, wengi wamesahau. Aprili 2009 Ask walimrudisha kwenye tovuti yao ya Uingereza, sura mpya, suti mpya, matangazo, Waingereza wakafurahi. Novemba 2010, mwaka mmoja na nusu baadaye, kampuni ikatangaza inaacha kabisa kutafuta kwa injini yake yenyewe, matokeo itachukua kwa wengine, na wahandisi wapatao 130 wa Edison, New Jersey na wa Hangzhou, China wakapoteza kazi, wengine ndo waliokuwa wameijenga ile Teoma. Sura ilirudi, watu wakatoka. Kampuni ikishajua kwamba tunachomlilia ni mchoro, mchoro itatupa bila shida, hauna gharama.

Kumuaga vizuri kwa maoni yangu ingekuwa hivi. Wayback Machine ya Internet Archive, ghala linalohifadhi kurasa za zamani za mtandao, ina kurasa za mbele za Ask Jeeves za miaka ile, unaweza kuzifungua ukamwona mzee na kisanduku chake cha swali, ila ukiandika kitu humo ndani hakijibu, maana kilichokuwa kinajibu hakikuwa kwenye ukurasa. Kilikuwa kwenye vichwa vya wahariri na kwenye taratibu zao: swali lipi linastahili kuandikwa, mtu akiuliza kuhusu ugonjwa unampeleka kwa nani, mtoto akiuliza kuhusu kifo unampa ukurasa gani, ukurasa mzuri lakini una matangazo ya ovyo unafanyaje, watu wawili wanaojua wakipingana unamchagua nani au unawaweka wote. Hayo ni maamuzi ya kitaaluma, yalifanywa kila siku kwa miaka, na wengi wa waliofanya bado ni watu wa umri wa kazi, wanaweza kuyaandika. Ningependa waandike, kwa majina yao, bila kujificha tena nyuma ya suti, na wakishaandika yasiishie California, yasomwe na yule dada anayeweka alama kwenye sentensi pale Nairobi, maana saa hizi anayafanya maamuzi kama hayo kwa kufuata maelekezo ya kurasa chache alizopewa na kampuni, bila kujua kwamba kuna watu walishayafanya kabla yake na wakalipwa kama watu.